Wamemfungia Nesi Wetu Kabatini

Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku hapa Nairobi, na karibu msimu mzima wa 2025 wa Doctor Who, tamthilia ya Uingereza, nilikuwa natembea kifua mbele. Hatimaye mwenzetu yumo! Belinda Chandra, anayeigizwa na Varada Sethu, ni nesi wa London anayetekwa na maroboti. Hata kabla hawajazoeana, anamkemea Daktari, yule shujaa wa tamthilia, kiumbe wa sayari nyingine anayesafiri katika nyakati, kwa kumpima DNA bila kumwomba ruhusa. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Mgonjwa haguswi mpaka akubali, na huyu dada hakulegeza hilo hata mbele ya kiumbe mwenye mioyo miwili.

Kikaja kipindi cha Lagos. Nilikitazama Kenyatta Market nikisukwa, simu nimeiegemeza kwenye kopo la mafuta ya nywele, moshi wa nyama choma unatuingia machoni. Duka la kinyozi linalobebwa mgongoni na buibui mkubwa! Wanaume wananyolewa huku wakisimulia, na hadithi zao ndizo zinazoendesha injini ya huyo buibui. Kimeandikwa na Inua Ellams, mzaliwa wa Nigeria, na utamjua tu kwa jinsi wale wanaume wanavyokaa vitini. Abena, dada aliyemo humo dukani, alipomsuka Daktari matuta yenye ramani ya njia ya kutokea, msusi wangu aliachia nywele zangu.

"Sista, rudisha hapo."

Nikarudisha. Hakuangalia nyuso, aliangalia vidole. Kisha akanichora kichwani kwa mkia wa kitana: "Huu mstari ukiukunja hivi, hapo ni kona." Tulirudia mara tatu, na mteja wa kiti cha pili naye akainama kuchungulia.

Kilichonitoa machozi lakini ni kingine. Daktari, aliyezunguka ulimwengu wote, alipolazimika kusimulia alichagua siku ya Belinda kazini hospitalini. Nesi wa kawaida kwenye zamu ya kawaida, na injini ikajaa nguvu. Nilikwenda kazini usiku ule nikihisi kwamba kuna aliyeniona.

Halafu vikaja vile viwili vya mwisho. Jamani.

Dunia inavunjika, maadui wa kale wa Daktari wanajitokeza, Rani amerudi, Omega anaamka, na Belinda wanampa kazi gani? Wanamwingiza kwenye kachumba kama kabati, yeye na mtoto Poppy, ambaye dunia iliyogeuzwa imewafanya yeye na Daktari kuwa wazazi wake, eti wawe salama. Mlango unafungwa, vita vinaendelea nje. Msimu mzima anapigania kurudi nyumbani tarehe 24 Mei, na siku yenyewe ilipofika akawekwa kama masufuria ya wageni. Nilisimamisha video nikaenda kuosha vyombo, vyombo vyenyewe vilikuwa safi.

Na sisemi mtoto ni mzigo. Mimi ni mama wa wawili. Ila ili Poppy asipotee, Daktari anaisogeza dunia kidogo, na maisha ya Belinda yanapangwa upya mpaka nyuma: kumbe safari yote alikuwa akimkimbilia bintiye! Wanaturudishia hata matukio tuliyokwisha kuyaona, yamefanyiwa marekebisho. Sikuona mtu akimketisha na kumweleza taratibu. Kwetu hata wa kushonwa nyuzi mbili huelezwa kwanza. Yule aliyeanza kwa kudai aombwe ruhusa, wakammaliza hivyo!

Kwa sababu hiyo hata Ncuti Gatwa, aliyeigiza Daktari, sikumlilia. Mzaliwa wa Rwanda, jirani yetu kabisa, anaondoka baada ya misimu miwili tu, mwili unawaka mwanga kama ilivyo kila Daktari anapobadilika sura, uso wa mwigizaji Billie Piper unatokea, nami bado nawaza lile kabati. Hilo nalo nawadai.

Usiku ule niliapa kwamba nimeachana na tamthilia hii. Nilimaanisha. Majuzi lakini, kama saa tisa usiku, wodi imetulia, nikajikuta namsimulia mwanafunzi wa uuguzi habari za buibui na kinyozi, na za ile zamu ya Belinda. Akasahau chai yake ikapoa. Sasa nimwambie asitazame? Atazame cha Lagos. Vya mwisho aviache. Au avitazame, tukasirike wawili.

Juzi nilirudi kusukwa. Msusi, hata kabla sijaketi, akauliza: "Yule nesi alifika kwao?"

Nikasema alifika. Mengine sikuwa na nguvu ya kuyaeleza. Nikamwomba matuta, na mstari mmoja aukunje pale pale alipochora.