Uzoefu wangu na sola ya kukunja ya wati 100: kiangazi cha sefingi ambacho sikukipanga

Nianze na jibu maana wengi mnasoma mkitaka kujua tu kama inafaa. Inafaa. Naongelea paneli ya sola ya kukunja ya wati 100 pamoja na betri yake ya kubeba ya wati-saa 500 hivi, ile yenye matundu ya USB, tundu la volti 12 na soketi ya kawaida. Nimeitumia kiangazi kizima kwenye kibanda cha ufukweni kisicho na umeme, na hakuna nilichopanga hapo, si kibanda, si sola, si mawimbi. Kazi niliyokuwa naisubiri ilisogezwa mbele, rafiki yangu akasema njoo tujifunze sefingi, yaani kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, nikafunga begi.

Sasa kwa anayejifunza sefingi siku inajipanga yenyewe. Asubuhi na mapema upepo umetulia au unatoka nchi kavu, maji laini, wimbi linasimama vizuri. Ikifika saa nne saa tano upepo wa baharini unaamka unavuruga kila kitu, unatoka majini. Na hapo ndo jua linapanda sawasawa, unatandaza paneli, unakula, unalala, yenyewe inachaji na wewe upo karibu wa kuigeuza. Hivi vitu viwili vinaendana sana aisee, na nadhani ndo sababu kubwa nimeipenda hii sola.

Kuhusu hizo wati 100. Ile namba inapimwa maabara, mwanga wa wati 1000 kwa mita ya mraba na seli zikiwa na nyuzi joto 25. Ufukweni hamna nyuzi 25, paneli nyeusi juu ya mchanga wa moto inapita 60 bila shida, na seli za silikoni zinapoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi. Kwa hiyo ukiona kioo cha betri kinakuandikia wati 70 au 80 saa sita mchana usidhani umeuziwa bovu, hiyo ndo afya yake. Iinue kutoka kwenye mchanga hewa ipite nyuma, igeuze kufuata jua mara mbili tatu, utaona tofauti kubwa. Alafu kivuli, jamani kivuli! Seli zimeungwa kwa mfululizo, kivuli cha tawi moja kinabana umeme wa safu nzima kama mpira wa maji uliokanyagwa sehemu moja. Chumvi nayo inatanda juu kidogo kidogo, ifute kwa kitambaa laini na maji yasiyo ya chumvi, ila toa mchanga kwanza maana unachuna.

Betri ni ile aina ya lithiamu inayoitwa LFP, ningeshauri usikubali nyingine, inavumilia kuchajiwa maelfu ya mara na ni tulivu zaidi kwenye joto. Hata hivyo iweke ndani kivulini, waya ndo uende juani. Matumizi yangu yalikuwa feni ya wati 20 usiku kwa muda wa kama saa nane, hiyo ni wati-saa 160, laptopu 60, simu mbili kama 30, taa kidogo. Kwa jua zuri paneli inarudisha yote hayo na chenji inabaki. Siku za mawingu unaacha laptopu. Birika la umeme sahau kabisa, inveta (kile kifaa cha ndani kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi) inajizima, na ni haki yake.

Visivyonipendeza: miguu ya kusimamishia ni dhaifu, upepo wa mchana unaipindua mpaka uiwekee mawe, na kile kiunganishi cha waya hakina kifuniko cha maana dhidi ya chumvi. Kwa kitu kinachouzwa kikiwa na picha ya ufukweni hilo ni kosa kubwa.

Ila kuna kitu sikutegemea. Ili ujue uingie majini lini unasoma utabiri, urefu wa wimbi, kipindi yaani sekunde kati ya wimbi na wimbi, upepo, na maji kujaa na kupwa. Mwanzoni niliangalia urefu tu, kumbe kipindi ndo kina siri. Nguvu ya wimbi inakwenda na urefu mara urefu mara kipindi, ukigawa kwa mbili unapata takriban kilowati kwa kila mita ya upana wa wimbi. Mita 1 kwa sekunde 8 ni kilowati 4 hivi. Mita 2 kwa sekunde 12 ni kama 24! Mimi nahangaika na wati 80 kwenye mchanga na mbele yangu bahari inamwaga kilowati hizo usiku na mchana, nikashindwa kulala nikaanza kusoma.

Kule Mutriku, Hispania, pwani ileile ya Basque yenye wimbi la Mundaka ambalo watu wa sefingi wanalijua, tangu 2011 kuna ukuta wa bandari wenye turbini 16, wimbi linapanda ndani ya chumba, linasukuma hewa, hewa inazungusha turbini. Jumla ni kilowati 296 tu. Ureno 2008 waliweka baharini mashine tatu za umeme wa mawimbi ziitwazo Pelamis, megawati 2.25, hazikumaliza hata mwaka. Ukishapigwa na wimbi kubwa kifuani unaelewa kwanini ni ngumu: mashine inajengwa kwa ajili ya mawimbi ya kila siku lakini lazima iishi siku ya dhoruba, na chumvi inakula kila chuma. Natamani sana wafanikiwe, na saivi kila habari ya umeme wa mawimbi naifuatilia.

Kwa sasa naongeza paneli ya pili. Ukitaka kufanya hivyo angalia kwanza volti za juu zaidi betri yako inazopokea, manake ukiunga paneli mbili kwa mfululizo volti zinajumlishwa na unaweza kuiunguza. Ukiziunga sambamba volti zinabaki zilezile, zinaongezeka ampea. Yangu nitaunga sambamba.