TAHADHARI mafundi umeme Tanga, kuna jamaa anauza stika za kalibresheni

Wakuu, haswa mlioko Ngamiani na Chumbageni, kuna jamaa anazunguka na kigari cheupe anasema anakalibreti (yaani analinganisha usomaji wa mita na kifaa cha uhakika) maltimita, klampu (mita ya kubana waya) na mega (ya kupima insulesheni) hapohapo na cheti unapewa siku hiyohiyo, elfu 40 kwa kifaa. Mi nishapigwa, mita mbili, mega na klampu, elfu 80 imeenda.

Nilikuwa na kazi ya kiwandani wakataka cheti cha mega, changu kilishapita muda na kuipeleka Dar maana yake ukae siku kadhaa huna kifaa, sasa jamaa alivyotokea nikasema Mungu si Athumani. Akaingia na mita zangu kwenye gari chini ya mwembe, nusu saa katoka na stika zinang'aa na karatasi mbili zina muhuri, na mimi fala nikamnunulia na soda.

Ofisa wa kiwandani ndo kaniumbua. Kasoma akacheka, "fundi, hapa wameandika joto nyuzi 20 unyevu asilimia 45, hii Tanga gani?" Afu kila kipimo kimelala sawasawa, 100.0 kwa 100.0, 230.0 kwa 230.0, hamna kupishana hata nukta, mashaka ya kipimo (yaani kinaweza kupishana na ukweli kwa kiasi gani) hayajaandikwa, kifaa alicholinganishia hakitajwi, na namba iliyoko kwenye cheti cha mega ni ya klampu! Nikarudishwa getini.

Nimefika nyumbani nikaiweka klampu soketi moja na mita mbili za jirani, zao zinasoma 231 na 232, yangu 247. Kufungua nyuma betri ni zilezile nilizoweka mwaka jana, moja ishaanza kutoa unga mweupe, yaani hata kifuniko hakukigusa, na betri ikichoka mita nyingi zinasoma uongo.

Mtu akikwambia anakalibreti muulize ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara), na iwe ya kipimo hichohicho unachotaka, maana maabara inaweza kuwa nayo ya mizani tu ya umeme haina. TBS (Shirika la Viwango) Dar wana maabara ya ugezi, yaani ya mambo ya vipimo, anzieni kuuliza pale. Stika sio kitu jamani, hata epo za sokoni zina stika.

Namba yake haipatikani tangu Jumanne, mara ya mwisho kaonekana Pongwe. Mega nimeipakia basi la Dar leo asubuhi, ile kazi kashapewa mwingine.