Vifaa vya mashada Mtwara: uzi wa nyavu umeupita mshipi

Ukinunua vifaa vya mashada ya kupambia ukumbi au mlango wa bi harusi, anza na uzi, maua yafuate. Ua likichakaa linabadilishwa. Uzi ukikatika, shada zima liko chini.

Mwenye duka hukimbilia kukupa mshipi wa kuvulia kwa sababu hauonekani ukutani. Nguvu unayo: wenye unene wa nusu milimita unabeba shada la mita 5 bila taabu. Ubaya wake ni utelezi. Fundo la kawaida hujilegeza, maua yakaserereka na kurundikana pale uzi unapobonyea. Ukikosa kingine, izungushe ncha mara 4 kabla ya kuipitisha, lilowanishe fundo, ndipo ulikaze taratibu.

Tunaoupendekeza ni uzi wa nyavu, ule uliosokotwa ambao wavuvi wa Mikindani hushonea nyavu zao. Chukua mweupe, unene wa milimita 1 hivi. Msokoto unashika, kwa hiyo fundo moja chini ya kila ua linatosha. Ncha uichome kwa kiberiti isifumuke. Kasoro yake ni kwamba hunyooka ukibeba uzito, na shada lililofungwa asubuhi jioni limeshuka. Uning'inize na jiwe la kilo moja usiku kucha kabla ya kuanza kazi.

Waya wa kufungia tusingeshauri kabisa. Hewa ya bahari hapa ina chumvi, kutu huja haraka, na doa la kutu kwenye satini nyeupe halitoki.

Kwenye satini yenyewe, omba nyuzi mbili za ukingoni uzichome. Zikiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, hiyo ni poliesta, na ndiyo unayoitaka: ukipitisha ukingo wa petali juu ya mwali wa mshumaa, bila kuugusa, unajikunja vizuri na haufumuki tena. Zikiwaka na kuacha majivu yenye harufu ya karatasi iliyoungua, ni pamba, haitajikunja. Mita 1 ya satini yenye upana wa sentimita 150 hutoa vipande 600 vya sentimita 5 kwa 5. Kwa petali 5 kila ua, hesabu maua 100, si 120, maana mkasi na mshumaa vitakula vingine.

Mlango wa urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 90 unataka uzi wa mita 4.9. Kata mita 5.5 ili shada lilegee kidogo kwenye pembe. Ukipanga ua kila sentimita 8, unahitaji kama 69, kwa hiyo mita moja ya kitambaa inatosha na chenji inabaki.

Karatasi ya krepu ni rahisi na inapendeza, lakini ni ya ndani, tena kiangazi. Masika ikipata unyevu inachuja rangi, na kanzu ya bwana harusi ndiyo inayoumia. Ijaribu palepale dukani kwa kidole kibichi. Nyekundu na zambarau ndizo za kuchunga zaidi. Wakati wa kukata, mikunjo isimame wima kwenye petali. Ikilala, ukingo hautavutika na ua litabaki limekakamaa kama kibao.

Gundi ya moto ya vijiti inafaa kwa kubandika, ila shada likihifadhiwa chini ya bati mchana gundi hulainika na petali zikaachia. Kila ua lipigwe mishono miwili ya sindano katikati kwanza.

Koja la asumini ni habari nyingine. Hapo uzi wa nailoni, kama mshipi, haufai, unakata shina laini la ua. Tumia uzi wa pamba ulioloweshwa na sindano nyembamba, uchume matumba alasiri yakiwa bado yamefumba, uyatunge kwa kupitia kikonyo, kisha uyafunike kwa kitambaa kibichi. Yatafunguka usiku yakiwa shingoni.