Messiah ya Handel ukumbini Arusha: nilichopata kwa 30,000

Nimeimba kwaya ya kanisa hapa Moshi miaka 14, sauti ya tatu, na Haleluya ya mtunzi Handel haitupiti Krismasi wala Pasaka. Tuliifundishwa kwa solfa, kinanda kikiziba pale tunapoteleza. Nilipoona tangazo kwamba itapigwa Messiah nzima, ile kazi yake ndefu ya sehemu tatu ambayo Haleluya ni wimbo mmoja tu ndani yake, kwa okestra na kwaya, katika ukumbi mkubwa wa mikutano Arusha, sikujiuliza mara mbili. Tiketi 30,000. Nilichukua mbili, yangu na ya shangazi, ambaye ameimba sauti ya pili tangu mimi sijazaliwa.

Tangazo lilisema saa 1 usiku. Saa 1 kilichoanza ni foleni. Mlango mmoja, dada mmoja, anakagua tiketi kwa tochi ya simu. Tiketi zina namba za viti, viti vyenyewe havina namba. Shangazi akaweka mkoba wake mstari wa sita, kesi ikaisha. Messiah ilipopigwa mara ya kwanza kabisa, Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, waandaaji waliwaomba wanawake waje bila zile fremu za kutanua sketi, na wanaume waache panga nyumbani, ili watu waenee. Wakaenea kama 700. Sisi shida yetu ilikuwa vilemba vya akina mama wa mstari wa tano.

Muziki ukaanza saa 1:40, na hapo nikasahau foleni. Jukwaani hapakuwa na maikrofoni hata moja. Sisi tumezoea spika mbili ndefu kama makabati, na mwalimu wa kwaya akiomba "ongeza kidogo". Hapa dakika za kwanza sikio langu lilikuwa linahangaika, kama mtu aliyeingia chumba chenye giza. Kisha likazoea. Nikaanza kusikia upinde wa fidla ukigusa uzi, na waimbaji wakivuta pumzi kabla ya kuingia. Baada ya okestra kufungua, mtu wa kwanza kuimba katika Messiah ni sauti ya tatu, peke yake. Yule kaka aliingia taratibu mno, lakini kila silabi ilifika. Nikaona aibu kidogo. Miaka 14 kumbe napiga kelele.

Ukumbi wenyewe ni mzuri kwa macho, ila umejengwa kwa ajili ya hotuba. Zulia zito, viti vya sponji, mapazia; sauti ikitoka inamezwa palepale. Kumbi zilizojengwa kwa muziki, kama Musikverein ya Vienna, sauti huchukua karibu sekunde 2 kuzimika hata watu wakiwa wamejaa. Kanisani kwetu, pamoja na mabati yake, noti ya mwisho inaning'inia vizuri zaidi kuliko pale.

Mapumzikoni kulikuwa na soda na sambusa za baridi. Kosa kubwa la usiku lilifanyika wakati huo. Nadhani watu wa nyuma walilalamika hawasikii, maana tuliporudi tulikuta maikrofoni zimesimikwa. Kuanzia hapo kwaya iko mbele yangu lakini sauti inatoka ukutani upande wa kushoto. Fidla zikawa kama za redio. Waandaaji, kama mnasoma hapa: wauzieni watu wa nyuma kwa bei nafuu, au wasogezeni mbele, viti vilikuwepo. Na karatasi ya ratiba iwe na Kiswahili pia. Shangazi alinirudishia yake bila kuifungua.

Kulikuwa na mzee mmoja wa ngoma, zile kubwa za shaba. Sehemu ya kwanza yote alikaa mikono mapajani. Sehemu ya pili, vilevile. Shangazi akaniinamia: "Baba, huyu naye kalipwa?"

Ikafika Haleluya. Husimuliwa kwamba Mfalme George wa Pili alisimama wimbo huu ulipoimbwa London, ndiyo maana watu husimama. Ushahidi wa kisa hicho ni haba, ila vilemba vya mstari wa tano vilisimama vyote kwa pamoja, na sisi tukafuata. Mimi nikaanza kuimba chinichini. Nikaachwa. Kwetu tunaiimba kama watu wanaopandisha kwenda Marangu na mizigo kichwani. Hawa walikwenda kama wanaowahi basi. Nilipofika "milele" ya pili wenzangu wako mbali. Halafu yule mzee akainua vijiti. Ngoma zake hazikuwekewa maikrofoni, hazikuhitaji. Nilizisikia kwenye kifua na kwenye mbao za kiti nilichoshikilia.

Ilipoisha, watu wengi walitafuta funguo za gari wakidhani ndiyo mwisho. Haleluya inafunga sehemu ya pili, bado kuna ya tatu. Waliotoka walikosa tarumbeta likijibizana na besi, na Amina ya mwisho, ambayo mimi sasa naipenda kuliko Haleluya yenyewe.

Natoa nyota 4. Ningetoa 5 kama wangeziacha zile maikrofoni stoo. Ukienda, kaa mbele, na panga pa kulala, kwani tulitoka saa 4:30 usiku na Kosta za Moshi zilishaisha. Tulilala Sakina kwa binti yake shangazi. Kwenye bajaji shangazi alikuwa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Nyimbo mbili tu. Nimemhesabia. Usiku kucha amekaa, kapiga nyimbo mbili." Nikadhani analalamika, hadi nilipomwona anagonga mkoba wake kwa vidole, taratibu, akiitafuta ile ngoma.