Skandic WT ya zamani kwenye rojo ya theluji: marekebisho ya kufanya na ya kuacha

Kwa mvuvi wa kwenye barafu, Ski-Doo Skandic WT ya zamani, pikipiki ya theluji yenye injini ya Rotax 503, bado ni mashine ya kununuliwa bila wasiwasi, mradi matengenezo yafanywe kwa mpangilio unaofaa. Injini ni ya silinda mbili, sentimita za ujazo 497, na inapozwa kwa feni. Pikipiki ya theluji inayopozwa kwa maji hutegemea theluji inayorushwa na mkanda (ule mpana wa chini unaoisukuma) ili kupoza radieta zake, kwa hiyo ukitambaa nayo kwenye barafu tupu joto linapanda haraka. Ya feni haijali. Injini ikizunguka na feni inazunguka, hata ukivuta sleji siku nzima.

Sifa kubwa zaidi ni upana wa mkanda: inchi 20, yaani sm 51, wakati mashine nyingi za kawaida zina inchi 15. Kwenye rojo, yaani theluji iliyolowa maji juu ya barafu, hapo ndipo mambo yanapoamuliwa. Theluji nzito huikandamiza barafu, maji yanapanda kupitia nyufa na matundu ya wavuvi, kisha theluji hiyohiyo inayafunika kama blanketi yasigande, hata kukiwa na nyuzi 20 chini ya sifuri. Juu panaonekana pakavu kabisa. Mkanda mwembamba unatoboa na kuzama, mpana unapita.

Mwenye mashine ya inchi 15 anaweza kurefusha mkanda. Kutoka inchi 121 hadi 136, kwa mkanda wa hatua (vipande vinavyojirudia) za inchi 2.52, ni kutoka hatua 48 hadi 54. Urefu umeongezeka inchi 15, lakini reli ambazo mkanda unateleza juu yake zinarefushwa inchi 7.5 tu, kwa kuwa mkanda unakwenda na kurudi. Refusha na bati la chesisi linaloufunika, la sivyo rojo yote itaishia kwenye mzigo. Meno ya mkanda yawe ya mm 32 hadi 38. Marefu kuliko hayo huchimba handaki mashine inapokwama, na kabla ya kuyafunga ni lazima upime kama hayatagusa chesisi.

Mbele, toa skii za chuma ufunge za plastiki zenye upana wa karibu sm 25. Chuma hushikana na rojo inayoganda, na skii nyembamba hupiga mbizi.

Kazi inayopuuzwa zaidi ni kuziba tumbo la mashine. Rojo huingia kupitia matundu ya chini na upande wa klachi, beliti inayopeleka nguvu ya injini inalowa, inateleza, inaungua na kung'aa pembeni, na ikishang'aa hivyo haishiki tena. Funika matundu kwa bati la alumini, ribiti na silikoni. Acha tundu moja la kutolea maji sehemu ya chini kabisa, na usiguse njia ya hewa ya feni. Beliti ya akiba ikae mahali pakavu. Boksi la cheni inayozungusha mkanda nalo lifunguliwe: oili iliyokuwa nyeupe kama maziwa imeingia maji, basi badilisha sili pamoja na oili.

Skandic WT ina gia ya polepole, na kwenye rojo hiyo ndiyo ya kutumia. Mashine isiyo nayo ipunguziwe meno mawili au matatu kwenye sproketi (gurudumu la meno la cheni) ya juu, kisha kaza cheni upya. Ikibaki legevu, nunua fupi zaidi. Kasi ya juu itapungua, ila beliti haitachemka ukivuta mzigo.

Kuhusu injini, usinunue 503 kuukuu bila kuipima sili za krenkshafti. Ziba ekzosi na kabureta, jaza hewa ya psi 6 hadi 7, na presha ikae bila kushuka kwa dakika kadhaa. Sili inayovuja huingiza hewa ya ziada, mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha, na pistoni inakamata siku ya baridi kali, maana hewa ya baridi ni nzito tayari. Kwa sababu hiyo hiyo jeti kuu ya kabureta, yaani kitundu kinachopima petroli, ilingane na baridi ya mahali unapovua.

Kwenye barafu tupu, plastiki za reli hukosa theluji ya kuzilainisha na huyeyuka. Vikwaruzo vya waya vinavyorusha chembe za barafu ni vya bei ndogo na vinafanya kazi vizuri. Ongeza na jozi ya magurudumu madogo kwenye reli.

Keria kubwa ya nyuma siipendekezi. Keekee, mafuta na boksi la samaki vikiwa nyuma ya siti, mkia unazama. Weka kwenye sleji yenye mtarimbo wa chuma, kwa sababu sleji inayovutwa kwa kamba itakugonga ukifunga breki. Ukikutana na rojo, fungua sleji, vuka peke yako bila kusimama wala kukata kona, kisha ivute kwa kamba ndefu. Njia hiyo ikiganda usiku, kesho yake ni barabara.

Unene wa barafu upimwe kwanza. Idara ya Maliasili ya Minnesota, Marekani, inataja inchi 5 hadi 7 za barafu safi kwa pikipiki ya theluji, na barafu nyeupe inatakiwa iwe nene maradufu. Penye rojo, tarajia nyeupe.

Ukishatoka, simama kwenye theluji kavu, inua mkia, zungusha mkanda mpaka rojo itoke, halafu egesha juu ya magogo mawili. Ukikuta asubuhi mkanda umeganda, gonga barafu itoke na uutikise kwa mkono. Ukilazimisha kwa kuongeza mafuta ya injini izunguke kwa nguvu, beliti inaungua papo hapo.