Boksi la zilipendwa lenye vibao visivyowahi kuvuma

Kabla hujatoa hela yako kwa boksi la CD lililoandikwa kwa mbwembwe "vibao asili vya namba moja, miaka ya 50 hadi 80", ligeuze kwanza. Chini kabisa, kwa herufi nilizozisoma kwa tochi ya simu, wameandika kwamba baadhi ya nyimbo "zimerekodiwa upya na wasanii wenyewe". Baadhi! Kwenye CD mbili za mwanzo karibu zote ndivyo zilivyo.

Nilishtukia kwenye All I Have to Do Is Dream ya Everly Brothers. Anayeupenda wimbo ule anaujua unavyoanza: gitaa la Chet Atkins, mpigo mmoja wa nyuzi unaotetemeka, halafu sauti za ndugu wawili zinaingia pamoja kama mtu mmoja. Nilichosikia mimi ni kinanda cha umeme, ngoma ya kompyuta, na sauti zilizochoka zikiburuza maneno. Nilizima kabla ya ubeti wa pili.

Sina ugomvi na msanii kurudia kazi yake. Mara nyingi analazimika, maana kanda mama, yaani rekodi halisi ya studio, hubaki kwa kampuni naye anaondoka mikono mitupu. Everly hao hao walihama kampuni ya Cadence kwenda ya Warner, na mwaka 1964 wakatoa albamu ya vibao vyao vya zamani walivyoviimba upya. Taylor Swift naye, baada ya kanda mama za albamu zake kuuzwa 2019, alianza kuzitoa albamu hizo upya 2021 kwa kuziimba tena, lakini jalada lilitamka wazi kwamba hili ni toleo lake. Mnunuzi hakudanganywa.

Hawa wa boksi, kijitabu chao kinasema "1958, namba 1" kando ya rekodi ambayo haijagusa chati yoyote tangu izaliwe. Ni uongo mtupu! Kinachopanda chati ni rekodi fulani, ya siku fulani studio, na sauti ya siku ile. Wimbo wa The Twist aliutunga Hank Ballard na ndiye aliyeutoa kwanza, ila rekodi iliyofika kileleni mwa Hot 100 ya Billboard, chati ya nyimbo ya Marekani, mwaka 1960 ni ya Chubby Checker, na rekodi yake ile ile ikarudi kileleni Januari 1962. Huwezi kuchukua nyingine yoyote ukaivisha cheo hicho.

Nikawaandikia wauzaji kwa adabu zote. Jibu: "Mwimbaji ni yule yule, wimbo ni ule ule, sasa unalalamikia nini?" Nilipowaeleza, wakaongeza kwamba wateja wengine hawasikii tofauti. Yaani ukisikia vizuri, kosa ni lako! Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile damu inanichemka.

Haki isemwe, CD ya tatu, ya miaka ya 70, ni rekodi zenyewe na zimesafishwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Superstition inaanza na ngoma alizopiga Stevie Wonder mwenyewe, na unasikia kila kijiti kinavyogusa toazi kabla kinanda hakijaingia na ule mkwaruzo wake. Niliirudia na kuirudia, nikawa tayari kuwapa nyota nne. Kusema kweli, CD hiyo peke yake ingeuzwa ningeinunua leo. Basi nyota tatu. Hapana, nikifungua tena kijitabu na kuona ile "namba 1", ni moja, na hiyo moja ni ya Stevie.

Ukikutana nalo dukani, angalia kama kila wimbo umetajiwa kampuni iliyoutoa kwanza. CD ya tatu inayo majina hayo yote, Motown ikiwemo. Zile mbili za mwanzo hazina hata moja.