Unga wa "kusafisha ubongo" wa Malindi: mlonge sawa, manjano yana maswali

Duka moja la viungo mjini Malindi linauza pakiti za gramu 200 zenye mlonge, manjano na giligilani. Karatasi iliyobandikwa inadai unga huo "hutoa risasi na zebaki ubongoni". Hapana. Risasi, madini yenye sumu, ikishaingia mwilini, nyingi yake hukaa mifupani miaka na miaka, na hakuna jani linaloizoa ubongoni. Lishe huizuia isiingie kwa wingi: aliyepungukiwa na madini ya chuma au kalisi, utumbo wake hunyonya risasi zaidi, hasa akiwa mtoto.

Kwa kazi hiyo mlonge wa pakiti hii unafaa, kwani una chuma na kalisi. Ni kijani kweli, dalili kwamba ulianikwa kivulini; uliochomwa na jua hugeuka hudhurungi. Tia kijiko kimoja cha mezani cha mlonge mtupu kwenye mchuzi wa dagaa, kamulia ndimu ukishaepua, na chai ingoje saa moja, maana huzuia chuma kisinyonywe. Karatasi inaagiza unga unywewe alfajiri kabla ya kula. Ushauri mbaya huo: tumbo tupu ndilo linalonyonya risasi zaidi, na ikiwa imo ndani ya unga wenyewe, je?

Yaweza kuwamo. Bangladesh wafanyabiashara walikuwa wakiyapaka manjano kromati ya risasi, rangi ya njano yenye risasi, ili yang'ae, mpaka serikali ilipowabana kuanzia 2019. Yakishasagwa, jicho halitambui wala ulimi. Ni maabara tu. Pakiti hii haionyeshi manjano yalikotoka wala aliyeyasaga. Afadhali ununue manjano mazima yenye ganda lililofifia, utwange na uchekeche mwenyewe. Yanayong'aa njano nje kama ukuta uliopakwa rangi, yaache hapohapo. Giligilani nayo ni ladha tu. Watoto wenye risasi mwilini waliojaribiwa kwa dawa ya giligilani hawakupata nafuu kuliko waliopewa dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani.

Kosa jingine ni pale karatasi inaposema "kula samaki kwa wingi" bila kusema samaki gani. Papa, nduaro na sulisuli hukusanya zebaki kwa sababu hula samaki wengine, na zebaki hiyo hushika kwenye minofu: haitoki kwa ndimu, kwa mafuta wala kwa moshi. Mjamzito na mtoto wapewe dagaa, tafi au kamba. Na mchuzi wa ukwaju usipikiwe kwenye sufuria zilizotengenezwa kwa vyuma chakavu vilivyoyeyushwa, kwani uchachu huvuta risasi.

Ukiupata mlonge mtupu dukani humo, chukua, mchanganyiko uache. Mtoto anayecheza karibu na wanaovunja betri za magari apelekwe akapimwe damu. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa risasi ikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, na ikizidi sana dawa ya kuitoa hutolewa na daktari.